Mvua Ndefu Katika Nyumba ya Baba

Jumamosi, 9 Machi

Tumehama. Tumeiacha Gatwekera, kule Kibera, asubuhi na vitu vyetu vyote vimeenea kwenye mkokoteni mmoja: kitanda, cherehani yangu, masufuria, na binti yetu Mourine juu ya godoro akipungia watu mkono kama bibi harusi. Sasa tuko Kawangware, upande unaopakana na Riruta, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu, Ndeti, alipokuja Nairobi kutoka Kitui kutafuta kazi ya useremala. Ni vyumba viwili na baraza. Kuta ni za udongo na mabati yameshika kutu hadi yakawa rangi ya chai. Mpangaji wa mwisho ameondoka hata na vitasa vya milango.

Mume wangu, Shivachi, ni fundi wa mjengo. Ameizunguka nyumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, halafu akaniambia, "Hii tutairudisha kabla mvua ikolee. Wewe shona nguo, mimi nitashona nyumba."

Nimecheka. Nimemwamini pia. Tangu nimjue, huyu mwanamume hajawahi kuniambia neno likageuka.

Jumapili, 10 Machi

Kanisa, kisha kufagia. Mavi ya popo.

Alhamisi, 14 Machi

Shivachi amebomoa udongo kwenye kona ya chumba cha nyuma ili aitazame nguzo. Hakuna nguzo. Mchwa wameila yote, wakaacha ganda jembamba kama karatasi, na amelivunja kwa kidole. Akaenda kona ya pili, ni hivyo hivyo. Ukuta mzima wa nyuma, ambao tumelala chini yake siku hizi zote na mtoto, ulikuwa umejisimamia tu, udongo juu ya udongo.

"Huyu mzee wako alijenga poa," Shivachi akasema. "Nyumba ya mtu mwingine ingeanguka zamani."

Nilimvuta Mourine nikamtoa nje hadi barazani. Yeye alikuwa akikohoa kwa sababu ya vumbi, anafuta jasho, anacheka. Tumehamia chumba cha mbele sote.

Jumanne, 19 Machi

Nimerudi kutoka kununua uzi nikamkuta mama mkwe wangu ameketi kwenye baraza yangu, mguu juu ya begi, kuku amefungwa miguu kando yake. Mama Rachael, kutoka Kakamega. Sikuwa nimeambiwa.

"Mulembe, Mama Mourine. Mtoto wangu hakukuambia nakuja?"

"Hakuniambia, Mama. Karibu."

"Basi ndio nimekuja. Kifua inanisumbua. Amesema Nairobi iko na madaktari."

Mimi Mkamba, yeye Mluhya, hivyo tunaongea Kiswahili, na Kiswahili chake huja na ncha. Kabla hajamaliza chai alikuwa ameingia ndani, akaupapasa ukuta ambao Shivachi ameanza kuukandika, akasema, "Hii udongo imewekwa maji mingi. Itapasuka." Kisha akakohoa. Si kikohozi cha mtu wa mafua. Kinatoka chini kabisa, kinamkunja mgongo, na akimaliza huwa anashika ukuta.

Nimetenga kikombe chake na sahani yake. Nimeviweka rafu ya chini, nikamwambia Mourine asivitumie.

Jumamosi, 23 Machi

Fito zimeletwa. Kimotho, anayeuza mbao hapa kwenye kona, ametupunguzia kwa kuwa alimjua Baba.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Imeanza mchana kama mtu anayemwaga kokoto juu ya mabati, na mabati yamevuja mahali ambapo hata hatukujua pana tundu. Beseni, sufuria, ndoo, kila kitu kimetandazwa sakafuni. Mourine anaona ni mchezo.

Mama Rachael hakai. Nimemwambia apumzike, akaniuliza, "Nipumzike kwa nini, mimi nimekufa?" Anakanyaga udongo kwa miguu, anautia nyasi na samadi aliyoitoa sijui wapi katika mtaa huu, anakandika, anakohoa, anakandika. Kila anachokigusa Shivachi yeye anakirudia, halafu ananiangalia mimi kana kwamba ni mimi niliyekosea. Kila usiku namlalamikia Shivachi kwa sauti ya chini. Yeye hunijibu, "Mvumilie. Ni mgonjwa."

Jumapili, 7 Aprili

Nimechoka sana. Kanisani nilisinzia. Ni kazi ya kupanda na kushuka na ndoo.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nguzo mpya zimesimama upande mmoja. Shivachi amekonda. Sketi zangu nazo zinanizunguka kiunoni, imebidi nizipunguze kwa cherehani. Nyumba inatula. Nimemwambia mume wangu ampeleke mamake hospitali, ndicho kilichomleta. Amesema wiki ijayo. Hata wiki iliyopita alisema wiki ijayo.

"Kwani unaogopa nini?" nimemuuliza.

"Naogopa nini? Si ni kazi imenibana."

Jumatano, 24 Aprili

Naandika haya nikiwa nimejifunika blanketi la jirani. Niyaandike yote, maana nikiyaacha hadi kesho sitayaamini.

Mvua ilinyesha tangu jana bila kupumzika. Asubuhi mtaro wa barabarani ulikuwa umefurika na maji yanapita nyuma ya nyumba kama mto. Shivachi alikuwa ameenda kibarua mtaa wa Olympic. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nikishona sare za shule. Mourine hakwenda shule kwa sababu ya maji, alikuwa chumba cha nyuma akichezea fito zilizobaki, huko ambako tulimkataza.

Mama Rachael alikuwa jikoni, yaani kwenye kibanda cha mabati huko nje. Nilimsikia akiita jina la mtoto. Hakupiga kelele, aliita tu, kama mtu anayemwita aje ale. Halafu nikamwona amepita mlangoni pangu mbio. Mimi sijawahi kumwona mama huyo akikimbia. Niliinuka ili nimuulize ni nini, na kabla sijafika mlango wa nyuma, ukuta ulikaa chini. Sina namna nyingine ya kusema. Haukuanguka, ulikaa, kama ng'ombe anavyokaa, na juu yake mabati yakafuata.

Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika. Vumbi halikupanda kwa kuwa kila kitu kilikuwa majimaji. Nilichokiona ni tope, na mbao, na mvua inaingia moja kwa moja mahali palipokuwa na paa. Nikaanza kuchimba kwa mikono. Nikasikia kikohozi. Kile kikohozi nilichokichukia tangu Machi, nilikisikia kikitoka chini ya mabati na nikalia kwa furaha.

Majirani waliinua mabati. Mama Rachael alikuwa amepiga magoti na viwiko, mgongo juu, na chini yake alikuwa Mourine, mzima, bila hata mkwaruzo, amefumba macho na kuziba masikio. Fito mbili zilikuwa zimelala juu ya mgongo wa mama na moja ilikuwa imemchana bega.

"Mchukue mtoto," akaniambia. "Usinishike mimi, chukua mtoto."

Baadaye, tulipokuwa tumempangusa na kumfunga bega, nilimuuliza alijuaje. Akasema alisikia ukuta ukipumua. Sikumwelewa, ila sikumuuliza tena. Nimempa chai kwa kikombe changu mwenyewe.

Shivachi alirudi jioni akasimama mbele ya lile shimo akiwa ameshika kofia. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikumngoja mtu. Nimempeleka Mama kituo cha afya mimi mwenyewe, bega lifungwe upya na kifua kipimwe. Muuguzi, mwanamke wa makamo asiyetabasamu ovyo, amesikiliza mgongo wake, akachukua makohozi. Kisha akanigeukia. "Na wewe? Umekonda hivyo ni kawaida yako?"

Nikamwambia ni kazi ya nyumba.

"Unatoka jasho usiku?"

Nikamwambia nyumba haina dirisha zuri.

"Toa makohozi na wewe," akasema.

Nimetoa ili nisimuudhi.

Ijumaa, 3 Mei

Ni mimi.

Jumamosi, 4 Mei

Jana nilishindwa kuandika zaidi. Leo najaribu.

Tuliingia pamoja, Mama na mimi. Muuguzi alianza na yeye. Akasema hana kifua kikuu, kifua chake kimeharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi, ni kama pumu, na akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Nilishusha pumzi. Nilikuwa tayari nimefikiria jinsi nitakavyopanga vyombo, jinsi nitakavyomlaza peke yake. Ndipo akasema, "Kalekye, wewe ndiye uko na TB."

Nilimwambia amechanganya chupa. Nilimwambia kwa adabu, kama unavyomwambia karani. Akaniambia hajachanganya. Nikamwambia mimi sikohoi. Akasema nitakuwa nakohoa kidogo tu na sijali, wengine huwa hivyo, na kwamba jasho na kukonda na uchovu vyote vilikuwa vinaniambia.

Masikio yalianza kulia. Nilimtazama Mama Rachael nikingoja aniangalie vile nilivyokuwa nikimwangalia mimi. Alikuwa amekunja uso, anamsikiliza muuguzi. "Anakunywa nini na atakunywa mpaka lini?" akamuuliza. "Na mtoto je? Na mimi nimpikie nini?"

Ni miezi sita. Mashine imeonyesha dawa za kawaida zitanitibu, nisiache hata siku moja. Mourine amepimwa, hana ugonjwa, ila atakunywa dawa za kumkinga. Muuguzi aliuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kutibiwa kifua kikuu. Nikamwambia hakuna.

Shivachi ametakiwa aende kupimwa. Nilipomwambia jana jioni, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaficha uso kwa viganja. Nilidhani ananililia mimi. Nikamshika kichwa.

Jumanne, 7 Mei

Dawa zinanichafua tumbo. Mkojo una rangi ya machungwa kama soda ya Fanta. Muuguzi alinionya, lakini nilishtuka vile vile.

Jumamosi, 11 Mei

Shivachi amesema amepata kazi Gatwekera, ya mwezi mzima, na kwenda na kurudi kutamchosha. Atalala kwa rafiki yake Wanzala. Amekunja nguo zake mbele yangu. Ukuta wa nyuma bado uko wazi, tumeuziba kwa turubai.

"Hujaenda kupimwa," nikamwambia.

"Nitapimiwa huko."

"Unanikimbia, Baba Mourine?"

"Aki siwezi kukukimbia. Ni kazi."

Hakunitazama. Niliyemwamini kama jiwe la msingi ameogopa kikohozi changu. Nimemtetea kwa mamake kila alipoukosoa udongo wake, na leo amebeba begi akaondoka kabla chai haijachemka.

Mama Rachael aliliangalia lango mpaka alipopotea. Kisha akavua viatu, akaingia katika tope. "Lete maji," akaniambia. "Kidogo."

Jumatano, 15 Mei

Tunakandika. Mimi nampa madonge, yeye anayatupa ukutani kwa nguvu, paa, paa. Nguzo zimesimamishwa na fundi mmoja kijana wa hapa. Mama ananikataza kubeba. Ananilazimisha ninywe uji wa wimbi hadi nione tumbo litapasuka. Ile dawa ya kuvuta imemsaidia sana, sasa anaimba anapofanya kazi. Sikujua anaimba.

Jumamosi, 18 Mei

Simu ya Shivachi haiingii.

Jumatatu, 20 Mei

Mungu wangu. Mungu wangu.

Asubuhi Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani akaniambia anaenda kumtafuta mtoto wake. Nilimwambia hapajui Gatwekera. Akasema, "Mdomo ninao." Alipotea siku nzima. Mvua ilikuja ikaenda ikaja tena.

Alirudi jioni, amelowa mpaka kitambaa kimeshikana na kichwa. Nilimwambia aingie abadilishe nguo. Alikataa kuingia. Alisimama pale pale barazani, maji yanamchuruzika.

"Kaa chini," akaniambia.

"Mama, ingia kwanza."

"Kaa chini, Kalekye." Hajawahi kuniita kwa jina langu.

Nikakaa.

"Shivachi hana kazi yoyote. Nimempata amelala kwa huyo Wanzala, anatapika damu ya kifua. Tumempeleka hospitali, wamemlaza."

Nilitaka kuinuka. Akanishika bega.

"Bado. Wanzala aliniambia kitu. Alidhani najua. Alidhani hata wewe unajua. Aliniambia, 'Mathe, si tulimshow asiwachane na dawa.' Nikamuuliza, dawa gani? Akasema ya TB. Shivachi alipatikana na TB mwaka jana mkiwa Gatwekera. Alikunywa mpaka karibu Krismasi. Akasikia nafuu, akaacha. Hakumwambia mtu wa nyumbani."

Nilimsikia vizuri. Nilisikia kila neno, ila yalikuwa yanapita kando yangu kama watu barabarani. Mwaka jana. Nililikumbuka lile vumbi la kazi, na jasho, na kukonda. Nilikumbuka akiniambia nimvumilie Mama kwa kuwa ni mgonjwa, na mimi nikihamisha vikombe, na yeye ametulia, ananiangalia nikihamisha vikombe vya mamake.

"Ungeweza kuninyamazia," nikamwambia Mama. Sijui kwa nini hilo ndilo nililosema. "Ni mtoto wako."

"Ndio. Nimemzaa," akasema. "Nimetembea kutoka Kibera nikifikiria nitakuambia uongo gani. Nimeukosa."

Ndipo akaanza kutetemeka, na nikamwingiza ndani.

Jumanne, 21 Mei

Nimekunywa dawa, nimeshona, nimelala.

Jumatano, 22 Mei

Vile vile.

Jumapili, 2 Juni

Nimeenda hospitali. Nilijiambia ninaenda ili nimwone tu, nisiseme kitu. Wodi ina madirisha makubwa yote yamefunguliwa na baridi inaingia. Alikuwa ameketi kitandani, barakoa usoni, mabega yametoka kama ya mtoto. Wamepima, dawa za kawaida bado zinaweza kumponya. Ana bahati asiyostahili.

"Mama Mourine," akasema.

"Kwa nini?"

Alivuta barakoa ikae sawa. "Fundi akijulikana ako na TB, nani atamwita kazi? Wanakuona kama kifo inatembea. Nikasikia nimepona. Nilijua nimepona."

"Na nilipopatikana mimi?"

"Nilitaka kukuambia ile siku."

"Ile siku nilikushika kichwa, Shivachi. Nilidhani unanililia."

Alianza kulia. Machozi yaliingia ndani ya barakoa. Nilikuwa nimebeba uji aliompikia mamake. Nikauweka mezani. Nilitembea mpaka nje nikauegemea ukuta wa hospitali. Mlinzi aliniletea kiti. Bado nashindwa kuelewa. Kama angenipiga ningejua nifanye nini.

Ijumaa, 7 Juni

Mourine ameuliza baba atarudi lini. Nimemwambia anaumwa. Akasema, "Kama wewe?" Ndiyo, kama mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua imepungua. Ukuta wa nyuma umekauka na haukupasuka mahali popote. Tumeweka dirisha ambalo halikuwapo, kubwa, kwa sababu muuguzi amesisitiza hewa. Kimotho alikuja kuliona akasema Ndeti angefurahi. Nilimwambia Ndeti angeuliza fundi ni nani. Mama Rachael alijifanya hasikii.

Baadaye tulikaa barazani tukichambua mboga, nikamuuliza anataka nifanye nini mtoto wake akitolewa hospitali.

"Nyumba ni ya babako," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Usiniulize. Nikijibu nitajibu kama mamake." Akaendelea kuchambua. "Ukimfukuza, sitakuchukia. Nitabeba begi nimfuate, lakini sitakuchukia."

Jumanne, 18 Juni

Nimepimwa tena. Uzani umeanza kurudi. Muuguzi alitabasamu, nikashtuka.

Jumamosi, 22 Juni

Amekuja leo asubuhi. Jua lilikuwa limetoka. Wanzala alimsindikiza mpaka langoni akarudi bila kuingia, kwa aibu ya kosa ambalo si lake.

Shivachi alisimama nje ya baraza na begi lile lile. Aliutazama ukuta, akaona dirisha, akaona hakuna mkono wake hapo. Mourine alimkimbilia akamkumbatia miguu, na yeye akainua mikono juu, asimguse, kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Daktari amesema sasa hawezi kumwambukiza mtu akiendelea na dawa. Lakini alisimama hivyo, mikono juu, mpaka nikamwambia, "Mguse. Ni mtoto wako."

Mama Rachael alikuwa ndani. Nilimsikia akikoroga sufuria iliyokuwa haina haja ya kukorogwa. Hakutoka kumwombea mwanawe.

"Umekunywa dawa leo?" nikamuuliza.

"Bado. Nilitoka mapema."

Niliingia nikaleta maji, na dawa zangu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa bado. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Yeye alibaki amesimama kwenye udongo, hajui kama ameruhusiwa kupanda. Sikuwa nimeamua. Nilikuwa nimekesha nikitafuta uamuzi na sikuupata, na pale jua lilipompiga usoni nikaona amezeeka, nikaona pia kwamba bado nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani, na kwamba hasira hiyo haitaisha wiki hii wala mwezi ujao.

Nilisogea kidogo kwenye ngazi. Akaja, akakaa, akatoa dawa zake kwenye begi.

"Kalekye," akaanza, "nataka unisamehe—"

Nilimpa maji.

"Meza kwanza," nikamwambia.

Akameza. Bila kuambiwa alifungua mdomo, akainua na ulimi, ili nione.